Upande wa Bahari

Ijumaa, 2 Agosti 2024, Kisauni

Bibi kaamka na neno moja: nimpeleke gerezani. Mama alishtuka, mimi nikaelewa. Fort Jesus, ambayo UNESCO iliitia katika turathi za dunia mwaka 2011, kwa bibi haijawahi kuwa makumbusho. Waingereza walifunga watu mle tangu 1895 hadi 1958, na babu alilala humo miezi mitatu kwa kodi ya kichwa. Bibi ana miaka 88. Mlango ule hajaupita hata siku moja.

Usiku

Usingizi hauji. Nasoma habari za ngome. Wareno walianza kuijenga 1593, kwa mchoro wa Mwitaliano, Cairati. Mwaka 1631 Yusuf bin Hasan, waliyemlea na kumbatiza wenyewe kule Goa, aliingia akamuua kapteni wao. Ila anayenikaa rohoni ni Bwana Daud wa Faza. Waomani waliizingira ngome Machi 1696, haikuanguka hadi Desemba 1698. Katikati ya dhiki ile maradhi yaliwafyeka Wareno, na 1697 ikawa Bwana Daud na Waswahili wenzake ndio walioishikilia. Jina lake lastahili kuwa midomoni mwa watoto wetu. Na jamaa zao waliobaki Faza, walisimama ufuo gani kuwangoja?

Jumamosi, 3 Agosti

Tuktuk hadi daraja la Nyali, tukaingia Mji wa Kale. Mlangoni bibi alisimama, akavua kiatu kimoja, akakivaa tena. Nilimwacha.

Ndani hakutaka mizinga wala vyungu. Aliweka kiganja ukutani, pale lipu ilipobanduka. Tumbawe limeonekana, lina vitobo vidogo vilivyojipanga kama ua.

"Jiwe hili ndilo twajengea na sisi," akasema. Kisha: "Mwanangu, upande wa bahari ni upi?"

Nikamshika mkono, tukapanda polepole. Mbele yetu mkono wa bahari, na ng'ambo ni kwetu, English Point, maghorofa yamejaa. Ndipo aliponieleza jambo ambalo hata mama halijui. Miezi ile mitatu, kila jioni kabla ya magharibi, aliteremka ufuoni pale, akasimama akiutazama ukuta huu mpaka kiza kiingie. Hakupunga mkono, aliona haya. Babu alipotoka hakumwambia, na babu naye hakuuliza.

"Mtu wa kule yuwaonekana kutoka hapa?"

Nikakaza macho. Chini ya yale majengo, majini, palikuwa na mwanamke na mtoto.

"Aonekana, bibi. Uso sioni. Leso yake naiona, nyekundu."

Bibi alikaa kimya mpaka yule mwanamke akaondoka.

"Yangu ilikuwa ya manjano," akasema.