Mbayuwayu Wanarudi Wapi?

Kila mwaka, muhula wa tatu ufunguliwapo mwezi wa Septemba na mvua za pili zikaanza kulowesha vilima vya Bwera, mimi huzitazama nyaya za umeme zipitazo juu ya ua wangu. Hazipiti siku nyingi kabla sijawaona mbayuwayu wamejipanga juu yake: mgongo wa buluu yenye kung'aa, koo lenye rangi ya kutu, mkia uliogawanyika kama mkasi. Hawa si wale mbayuwayu wenyeji wajengao viota vya udongo chini ya mapaa yetu. Hawa huzaliwa Ulaya na Asia, na wengi wao huvuka jangwa la Sahara ili kutufikia, ingawa uzito wa mmoja ni kama gramu 20 tu.

Vitabu vya Kiingereza tunavyovitafsiri darasani husema kwamba ndege hawa "hurudi" katika majira ya kuchipua, yaani Machi na Aprili. Mwanafunzi hulinakili neno hilo bila wasiwasi. Kumbe hiyo ndiyo miezi wanayotuaga! Kwetu wilayani Kasese, ambako mstari wa Ikweta unakatiza barabara karibu na Kikorongo, hakuna baridi iuayo majani hata yakachipua upya. Basi huwauliza wanafunzi: asemaye "wamerudi" amesimama wapi? Vitenzi kuja, kwenda na kurudi havina maana kamili mpaka tuujue ua wa msemaji.

Wala somo hili si la sarufi tu. Wavulana wa mtaani hubeba manati, na mbayuwayu aliyechoka juu ya waya ni shabaha nyepesi. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu huja na jembe lake. Tangu siku ya kwanza hushika kazi ya kunasa nzi na wadudu wengine warukao juu ya mashamba yetu. Nilipowaeleza vijana hayo, mmoja aliuliza, "Mwalimu, basi kwao hasa ni wapi?" Nikamjibu kwamba kule ndiko wanakotaga, na huku ndiko wanakopata chakula kule kunapokuwa na baridi, kwao ni kuwili.

Walimu wenzangu, kabla ya kufundisha majira ya nchi za mbali, tuwatoe wanafunzi nje. Wawatazame ndege, waandike daftarini tarehe ya kufika na tarehe ya kuondoka, kisha watunge insha kutokana na waliyoyaona.