Chokocho na watoto: Juni au Desemba?

Wazazi wengi wa Unguja na Dar es Salaam wenye wazee wao Chokocho, kusini mwa Pemba, hupeleka watoto likizo ya Desemba. Sababu inajulikana. Embe na shokishoki zimeiva, karafuu zimeanikwa kwenye majamvi mbele ya nyumba, na usiku hata mgeni hukaa chini na wenyeji kuchambua karafuu, makonyo yakiwekwa mbali. Harufu yake mtoto hurudi nayo nguoni.

Lakini huo ni msimu wa pirika. Tawi la mkarafuu hukatika kirahisi, na mtoto wa mjini akiona wenzake wako juu, naye atataka kupanda. Bibi anakimbizana na jua na mvua za vuli. Hawezi kumchunga mjukuu kutwa nzima.

Juni haisifiwi sana, ila kwa watoto wadogo ndiyo bora. Masika yamekwisha, kipupwe kimeingia, na alfajiri wajukuu hugombania kanga ya bibi wajifunike. Mabondeni mpunga unaiva, kwa hiyo ipo kazi inayomfaa hata mtoto wa miaka 6: kuamia ndege. Apige debe, apige makelele anavyotaka, hakuna wa kumkataza! Mjini atayapata wapi hayo?

Aprili msiende, mvua itawafungia ndani.

Ukiwapeleka Juni, wafungie sweta, na viatu vya mpira pia, maana udongo wa bondeni unakuwa haujakauka.