Mlango Namba 021

Jumatatu, 3 Machi 2025

Nimehesabu: hosteli tunayoichora ina milango 186. Kila mmoja unataka lebo kwenye ramani, na kila lebo inataka mstari wake kwenye jedwali: upana, urefu, aina ya mbao, upande unaofungukia. Leo nimefika wa 31, na sasa hata nikifumba macho naona milango.

Mzee wa ofisini kapita nyuma yangu, katazama skrini, kacheka. Enzi zao walichora kwa kalamu za Rotring kwenye karatasi angavu, namba wakizipiga kwa stensili. Ukikosea, unakwangua wino kwa wembe, taratibu, usije ukatoboa kazi ya wiki nzima. "Ndiyo maana hatukukosea ovyo, binti," anasema. Labda. Au walikosea kidogo kwa kuwa walichora kidogo.

Jumatano, 5 Machi

Nimeachana na kuweka lebo mojamoja. Revit, programu ninayochorea, ina amri inayobandika lebo kwa pamoja kwenye vitu vyote visivyo nayo katika mchoro ulio mbele yako. Nimebonyeza, na milango yote 48 ya ghorofa ya chini ikawa na lebo papo hapo. Ila zimetua popote: nyingine juu ya ukuta, nyingine juu ya vipimo, upande wa vyoo tatu zimelaliana. Mchana wote nimezitenganisha.

Hata hivyo lebo hii si maandishi matupu. Kwenye michoro ya AutoCAD tuliyofanya chuoni, "900" ilikuwa herufi tu. Ungeiandika juu ya mlango wa 750 na kompyuta isiseme neno. Hapa lebo inausoma mlango wenyewe. Badilisha mlango, lebo na jedwali vinafuata. Hata kipimo, ukijaribu kukipachika namba isiyo yake, programu inagoma. Nakipenda chombo kinachokataa kusema uongo.

Ijumaa, 7 Machi

Kilichobaki ni namba. Revit huupa mlango namba kwa kufuata ulivyochorwa, wala haijali umekaa wapi. Nami nataka fundi akiingia mlango mkuu akutane na 001, kisha 002, azunguke jengo kama anahesabu nyumba za mtaani kwake.

Nimefungua Dynamo ndani ya Revit. Visanduku vimeungwa kwa nyaya, na ndani ya kimoja nimeandika Python: chukua milango yote, ipange kwa ghorofa, halafu kwa mahali ilipo, andika namba. Nimejaribu kwanza kuuliza upana wa mlango wa milimita 900. Jibu: 2.95. Robo saa nzima nikidhani nimeharibu kitu! Kumbe ndani kabisa Revit huhifadhi urefu kwa futi. Milimita ninazoziona ni tafsiri, unazidisha kwa 304.8. Fundi wa saiti naye husoma ramani yangu ya milimita kisha akamwambia kijana wake, "Futi tatu hapo." Yeye na Revit wangeelewana bila mimi.

Saa kumi na nusu, kabla ya foleni ya watu wanaowahi futari, nimebonyeza. Sekunde chache tu: 001 hadi 186. Nimempigia mama. Hakuelewa hata neno, ila kafurahi.

Jumanne, 11 Machi

Orodha ya fremu 48 za ghorofa ya chini imekwenda Keko kwa seremala. Mninga mkavu, nimemsisitizia mara mbili.

Jumanne, 18 Machi

Mteja hataki tena stoo chini ya ngazi. Nimefuta ukuta na mlango wake, namba 021. Nikaendesha tena kiprogramu changu, jedwali likajipanga: 001 hadi 185, halina pengo, linapendeza. Nikazungushia wingu la marekebisho pale ngazini, nikatuma shiti mpya saiti. Dakika kumi. Kwa mkono ningeimaliza kesho.

Jumamosi, 22 Machi

Fundi kanipigia saa moja asubuhi. Fremu zimeshuka kutoka Keko, kila moja na namba yake ya chaki. Nimemkuta kasimama mbele ya uwazi wa chumba cha kulala, kashika fremu namba 044, na pembeni yake mkono mzima unapita.

"Injinia," (ananiita hivyo ingawa mimi ni msanifu) "huku analala nani, paka?"

Nikaomba ramani yake. Ni ya tarehe 18. Chaki ni ya tarehe 11. Kwa seremala, 044 ni choo, milimita 750. Kwenye ramani mpya, 044 ni chumba, 900, mlango ambao zamani ulikuwa 045. Kuanzia ngazini kwenda mbele kila mlango umerudi nyuma namba moja. Fremu 27 zinatumia jina la jirani. Nyingi zina upana sawa na huyo jirani, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Mbili zimeshasimikwa, bawaba zikiwa upande siko.

Na wingu langu limezunguka mlango mmoja tu.

Hakuna lebo hata moja iliyosema uongo. Zote zilisoma sawasawa kilichokuwemo.

Mpaka adhuhuri tumekuwa na chaki, mimi na Fundi, tukipita fremu hadi fremu. Mwisho imebaki moja, 021, imeegemea ukuta. "Na hii?" Nikakosa jibu la haraka.

Jumatatu, 24 Machi

Nimemwambia Mzee kabla mkandarasi hajamwambia. Kauliza swali moja: "Seremala ulimpigia?" Sikumpigia.

Kafungua kabati, katoa jedwali la milango la zamani, wino mtupu. Kati ya mlango wa 16 na wa 18, mstari wa 17 umekatwa, pembeni pameandikwa "umeondolewa". Hawakupanga namba upya, kwa sababu kupanga upya kulikuwa ni kukwangua shiti nzima kwa wembe. Ugumu wa kubadilisha ndio uliowalindia namba zao. Mimi ugumu huo niliuondoa tarehe 7, nikafurahi, na sikuweka kitu mahali pake.

Jioni nimerudisha namba za tarehe 11, kisha nikaandika upya: mlango wenye namba usiguswe, mlango mpya uanzie baada ya namba kubwa kuliko zote zilizowahi kutoka ofisini. Ni mistari michache tu ya Python.

Limebaki moja lisilotaka kujiendesha. Jedwali la Revit huorodhesha kilichopo. Mlango uliofutwa hauna mahali pa kushikia lebo, kwa hiyo jedwali linaruka kutoka 020 kwenda 022, na anayesoma atadhani karatasi imekosewa. Chini yake nimeandika mwenyewe, herufi kwa herufi: "021 umeondolewa, 18/3/2025."

Halafu nikampigia seremala. Kabla sijamaliza salamu akauliza kama za ghorofa ya kwanza aanze, na kama namba ndizo zilezile. Nikamwambia ndizo.