Siri ya Kuku na Amana ya Jikoni

Limezuka katika majumba yetu jambo ambalo wengi huliona dogo, nalo ni khabari ya kuku wa kukaanga wa kigeni, yule mwenye ganda la unga linalonukia viungo. Vijana wampenda sana, na kina mama wataka kumpika nyumbani, lakini huambiwa kwamba viungo vyake ni siri isiyojulikana na mtu. Kazi yetu sisi ni kusomesha watoto chuoni, wala si upishi. Lakini jambo hili lilitufikia kwa njia ya suala la dini, ndipo tukaona yafaa tuwaandikie wasomaji wetu.

Kijana mmoja aliyesoma chuoni kwetu, ambaye sasa afanya kazi katika jiko la duka moja la kuku, alitujia baada ya sala ya alasiri. Akasema, "Maalim, mama mdogo ataka nimletee unga wa viungo wa kazini, japo kijiko kimoja, apate kuujua. Nikikataa ataniona sina huruma naye, na nikichukua moyo wangu haunipi. Nifanyeje?"

Tukamjibu, "Mwanangu, kijiko kimoja ni mali ya mtu, na siri uliyoaminiwa nayo ni amana. Kamwambie mama yako kwa adabu kwamba unga wa watu huwezi kumletea, lakini utamnunulia kuku na pilipili manga kwa mshahara wako."

Akauliza tena, "Na yeye akichanganya viungo vyake mwenyewe mpaka akapata ladha ile ile, atakuwa ameiba?" Tukamwambia hapana. Ulimi na pua ni vyake, na viungo amenunua sokoni kwa fedha yake. Kilichokatazwa ni kuvunja amana, au kuuza chakula chako kwa jina la mwengine ukawadanganya wanunuzi.

Baada ya hapo tulitaka kujua siri yenyewe ni kitu gani. Asili yake ni Mmarekani mmoja, Harland Sanders, aliyezaliwa mwaka 1890. Mwaka 1930 alianza kuwauzia wasafiri chakula penye kituo cha petroli katika mji wa Corbin, jimbo la Kentucky. Na mwaka 1952 mkahawa wa kwanza uliopatana naye kumuuza kuku wake ulikuwa katika mji wa Salt Lake City. Alisema kwamba viungo vyake ni 11, asivitaje. Mpaka leo kampuni yasema kwamba mchanganyiko ule hutayarishwa nusu mahali pamoja na nusu mahali pengine, ili asiwepo mchanganyaji mmoja anayeujua wote.

Pamoja na ulinzi huo, mwaka 1983 mwandishi William Poundstone alieleza katika kitabu chake kwamba unga ule ulipopimwa na wataalamu, vilionekana vitu vinne tu: unga wa ngano, chumvi, pilipili manga, na ile chumvi ya kiwandani ya kukoleza ladha. Tena mwaka 2016 gazeti la Chicago Tribune lilichapisha orodha ya viungo 11 iliyoandikwa kwa mkono, iliyokuwa imehifadhiwa na mpwa wa mke wa Sanders. Kampuni ilikana kwamba ndiyo yenyewe.

Iwe ndiyo au siyo, sisi watu wa Kizimbani tukiisoma orodha ile hatuna budi kutabasamu. Imo tangawizi, kitunguu thomu, haradali, mrehani na pilipili nyekundu isiyo kali. Na kilichozidi vingi kwa kipimo ni pilipili manga nyeupe, vijiko vikubwa 3 kwa vikombe 2 vya unga. Watu hudhani hiyo ni mmea mwengine, kumbe ni ule ule unaopanda juu ya miti katika mashamba yetu. Nyeusi huchumwa mbichi ikaanikwa juani. Nyeupe huachwa iive, ikarowekwa majini na kuambuliwa ganda. Kijana wa hapa alipa fedha nyingi kununua kwa mgeni kitu ambacho asubuhi amekipita njiani.

Wala si mara ya kwanza kwa viungo kufanywa siri. Waholanzi walitaka karafuu imilikiwe nao peke yao katika visiwa vya Maluku, hata wakaikata mikarafuu iliyoota nje ya mipaka waliyoiweka. Lakini mwaka 1770 Mfaransa Pierre Poivre alifanikiwa kuipata miche ikapelekwa Mauritius. Na mwanzoni mwa karne ya 19 Saleh bin Haramil akapanda mikarafuu Mtoni na hapa Kizimbani. Mti ni kiumbe cha Mwenyezi Mungu, na kuwakatia watu miti yao ili wewe upate faida si kulinda amana, bali ni dhuluma. Siri ya mpishi aliyemwajiri mtu na kumwamini ni jambo jengine, na haya mawili yasichanganywe.

Basi na tueleze yaliyofanyika nyumbani kwetu. Kuku wa kisasa mmoja alikatwa vipande 8, akarowekwa usiku kucha katika kikombe cha maziwa ya mgando na chumvi. Vikombe 2 vya unga wa ngano vilitiwa kijiko kikubwa kimoja kimoja cha pilipili manga nyeupe, nyeusi, tangawizi kavu, thomu ya unga na haradali, pilipili nyekundu isiyo kali vijiko 2, na mrehani mkavu na chumvi kidogo. Vipande vikavingirishwa, vikaachwa nusu saa ili unga ushike, ndipo vikakaangwa kwa moto wa kiasi mpaka maji yanayotoka nyamani yakawa meupe. Kuku wa kienyeji yafaa achemshwe kwanza, kwani nyama yake ni ngumu. Sanders alitumia chungu cha kufunga cha mvuke ili kuku aive upesi. Lakini tunawaonya kina mama wasijaribu kukaangia mafuta ndani ya vyungu hivyo nyumbani, kwani ni hatari.

Watu wa nyumbani kwetu walipoonja walisema, "Hii si siri, hii ni pilipili manga." Na ladha haikuwa ile ile khasa; ilikaribia, na watoto hawakubakisha hata kipande. Zaidi ya hayo, tulimjua aliyemchinja na mafuta aliyokaangiwa, na hilo lina faida kubwa kwa watoto wetu wanaosoma ng'ambo, ambako kuku wa halali hapatikani kila duka. Na waandikiwe vipimo hivi.

Ama yule kijana, yungali kazini kwake, na mama yake mdogo apika kwa viungo alivyonunuliwa. Enyi vijana, jifunzeni kazi za watu kwa bidii, lakini mtokapo jikoni mwao tokeni na ujuzi wa mikono yenu, wala msitoke na kitu mfukoni. Mwenyezi Mungu atuwafikishe katika kuzitunza amana, kubwa na ndogo. Amin.