Usiku Mmoja Kando ya Nile

Tunaishi Jinja tangu 2017. Mume wangu ni seremala, mimi nashona vitenge, na watoto ni watatu. Kama wakimbizi wengi wanaokaa mjini, hatupati mgao wa chakula. Tunakula tulichofanyia kazi wiki hiyo. Kwa hiyo nikisema nataka kuandika habari za familia yetu kutoka matembezi mwisho wa juma, najua kuna watakaocheka. Zamani hata mimi ningecheka.

Ilianza hivi. Mwaka ule wa kwanza tulikuwa na chumba kimoja Walukuba. Jumapili baada ya ibada watoto waligombana kutwa nzima, na mimi nilikuwa nawapigia kelele. Siku moja mume wangu akasema, "Mama watoto, tutoke tu. Kutembea kwa miguu hakulipiwi." Tukabeba chupa ya maji na mandazi, tukashuka hadi Masese, pale mitumbwi inapoleta samaki na wanawake wanaanika mukene. Tulikaa masaa mawili, hatukununua kitu. Tuliporudi chumba kilikuwa kile kile, lakini hakuna aliyegombana mpaka usiku.

Ikawa desturi. Jumapili nyingine tunapita barabara kuu ya mji, watoto wanashindana kusoma miaka iliyoandikwa juu ya nyumba za kale za Wahindi. Nyingine tunaenda kutazama daraja jipya la 2018, lile lenye nyaya zinazoning'inia. Mara chache sana, pesa ikiwepo, tunaingia mahali pa kulipia kando ya mto. Siwezi kusahau mara ya kwanza. Penye mlango kulikuwa na bango la bei tatu: raia wa Uganda, watu wa Afrika Mashariki, na wageni. Kijana wa tiketi akatuuliza, "Ninyi muko wapi hapo?" Tukatazamana. Kongo ilikuwa bado haijaingia Jumuiya, iliingia 2022. Mume wangu akatoa kadi ya mkimbizi. Kijana akaigeuza, akatazama bango, akatazama kadi tena. Bango halikuwa na mstari wetu. Mwishowe akatulipisha bei ya raia, akasema, "Ingieni, lakini musinisemee." Tukaingia kimya kama wezi. Baada ya dakika kumi tulikuwa tunacheka.

Basi mwaka jana, likizo ya mwezi wa nane, mtoto wetu wa pili akaja na jambo jipya. Rafiki yake wa shule alikuwa amelala kwenye hema na wazazi wake, upande wa Budondo, ambako watalii wanakuja kupanda mitumbwi ya mpira. Walikoka moto, wakachoma mahindi. "Mama, na siye tutaenda lini kupiga kambi?"

Nilikuwa nashona. Nikasimamisha mashine. Nikamwambia, "Mi sirudi kulala kwenye hema. Apana. Hata unipe pesa."

Hakuelewa kwa nini nimekasirika. Angeelewaje? Kwake kambi ni moto na mahindi.

Kwangu kambi ilianza mwezi wa saba 2012. Tulitoka Rutshuru wakati wa M23, tukavuka Bunagana, tukalala Nyakabande kule Kisoro, halafu mabasi yakatupeleka Rwamwanja. Mtoto wa kwanza alikuwa na miaka miwili, mgongoni. Tulipewa kiwanja chenye miti na nyasi, sufuria, mablanketi, jembe, panga, na turubai moja nyeupe yenye maandishi ya bluu. Mume wangu, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi kwetu, alikata nguzo, tukafunika turubai. Ndiyo ilikuwa nyumba. Mvua ikija usiku, mmoja anashika mtoto, mwingine anatoka na jembe kuchimba mfereji ili maji yasiingie kitandani. Kitanda chenyewe kilikuwa majani. Nyinyi mnaosoma haya mkiwa Rwamwanja, Kyaka ao Nakivale, sina haja ya kuwaeleza harufu ya turubai lililopigwa jua.

Huyu mtoto wa pili alizaliwa chini ya turubai lile. Hatujawahi kumwambia. Si siri, hakuna siku tuliyoona inafaa.

Mume wangu hakubishana nami. Alingoja siku tatu, akasema, "Wewe unakataa hema. Mtoto anaomba moto na mahindi. Hivyo ni vitu viwili." Kisha akanikumbusha rafiki yetu wa kanisani anayepika kwenye sehemu moja ya watalii kule Budondo. Siku zisizo na wageni, mwenye mahali anawaachia wafanyakazi kona ya chini, karibu na mto. Hema la kuazima lipo.

Nilikubali kwa shingo upande. Nasema ukweli.

Jumamosi tukafunga mizigo: unga wa bugali, maharagwe niliyochemsha tangu usiku, mahindi mabichi, sigiri na makaa kama kuni zingekuwa na maji, jerikani moja, na kadi zetu wote, maana askari wa barabarani hajui kama unatembea ao unahama. Nikabeba na turubai letu la zamani. Bado tunalo. Limefunika matofali, limeanikiwa mahindi, limetoboka sehemu mbili. Nilifikiri litafaa kutandika chini.

Nikafunga mlango na kufuli, nikampa jirani ufunguo. Akaniuliza, "Munarudi lini?" Nikasema, "Kesho jioni." Nilitembea hatua kama kumi ndipo nikatambua kwamba Rutshuru hakuna aliyeniuliza hivyo, na sikufunga mlango.

Tukapanda boda mbili, tukafika saa tisa alasiri. Watoto walitaka kuoga mtoni, tukakataa. Kichocho kipo katika maji haya, na mkondo ni mkali kuliko unavyoonekana. Wakakaa juu ya mawe wakitupa vijiti na kutazama vinavyokimbia. Rafiki yetu akatueleza kwamba zamani karibu na hapo palikuwa na maporomoko ya Bujagali, watu wakija kuyatazama. Bwawa la umeme lililozinduliwa 2012 liliyazamisha. Ripon nayo, pale Nile inapotoka ziwani, ilizamishwa na bwawa la 1954, lile la Owen Falls linaloitwa leo Nalubaale. Nikasema moyoni, 2012 kumbe ilizamisha vingi.

Kifunga mimba akauliza maji yanaenda wapi. Hapo mume wangu akarudi kuwa mwalimu. Akachukua kijiti, akachora juu ya mchanga. Huu wetu wa Jinja unapita Ziwa Kyoga, unapita Karuma, unaanguka Murchison, unaingia Ziwa Albert. Kisha akachora mstari mwingine mbali, upande wa kushoto. "Na huu ni mto Rutshuru, wa kwetu. Unaingia Ziwa Edward. Maji yakitoka Edward yanaitwa Semliki, yanapita chini ya Rwenzori, nayo yanaingia Albert." Akaiunganisha mistari. "Hapa yanakutana. Kutoka hapo yanaenda pamoja mpaka Misri."

Mkubwa akauliza, "Sasa maji ya kwetu hayapiti hapa?" Papa wao akajibu, "Hapana. Hapa hayapiti. Lakini mbele yanakutana na haya." Watoto wakatazama ule mchoro muda mrefu. Mimi pia nilikuwa sijui. Ndugu zetu wa Kyangwali, mnaoliona Ziwa Albert kutoka juu ya mlima, maji ya Rutshuru yanapita mbele yenu kabla ya kukutana na ya kwetu sisi wa Jinja. Mkishuka Sebagoro, tusalimieni.

Jioni tukakoka moto, tukala, tukachoma mahindi. Hema la kuazima lilikuwa dogo, lina vyuma vyembamba vinavyopinda. Nikatandika turubai chini yake. Mtoto wa pili akaona maandishi ya bluu yametokeza pembeni, akayasoma kwa sauti, halafu akaniuliza, "Mama, hili hema ni la kukimbia ao la kutembea?"

Nikasema, "Lala."

Saa nane ya usiku mvua ikaja kutoka upande wa ziwa, ile ya Jinja isiyobisha hodi. Sikuwaza. Nilijikuta nje, gizani, na sahani ya bati mkononi, nachimba mfereji. Nilichimba kwa nguvu, matope mpaka viwiko. Baadaye nikasikia mtu anachimba upande wa pili. Alikuwa mume wangu, ana panga. Hatukuwa tumesemezana. Miaka mingi ilikuwa imepita, na mikono ilikuwa haijasahau.

Tulizunguka hema lote, tukakutana mbele. Tochi ikawaka usoni mwetu. Mtoto wa pili alikuwa ametoa kichwa, anacheka. "Papa! Mama! Munafanya nini?" Alidhani ni sehemu ya mchezo. Ndani hapakuwa na tone hata moja. Hema lile halikuhitaji mfereji.

Mume wangu akaanza kucheka. Mimi nikaanza kulia, halafu na mimi nikacheka, sijui kipi kilitangulia. Tukaingia tumelowa, tukabanana watano. Na kwa sababu hakuna aliyeweza kulala tena, nikawaambia. Nikaanzia Bunagana. Nikasema juu ya basi, juu ya kiwanja, juu ya mfereji. Nikamwambia wa pili, "Wewe ulizaliwa chini ya hili turubai tunalolalia." Akanyamaza. Akashusha mkono, akaligusa pale pembeni. Akauliza, "Mvua ilikuwa inaingia?" Nikamwambia, "Mara nyingine. Lakini tulikuwa tunachimba." Mkubwa, aliyekuwa mgongoni mwangu wakati ule na hakumbuki kitu, akasema, "Basi mwendelee." Tukaendelea mpaka jogoo.

Najua nyaraka hizi zinasomwa pia na watu wanaofanya kazi katika mashirika. Mara nyingi mnatuuliza tunahitaji nini, na tunataja unga, dawa, karo ya shule. Hivyo ni vya kweli, na bado havitoshi. Siombi mtununulie mahema ya watalii. Nasema tu kwamba sikuweza kuwahadithia watoto wangu jikoni, wala siku nilipoulizwa maswali na karani mwenye fomu. Niliweza usiku ule, kwa sababu tulikuwa tumetoka nyumbani kwa hiari yetu, na kesho yake tunarudi.

Kwa ndugu walio kambini: sisi tulianza na chupa ya maji na mandazi. Nakivale mna ziwa. Rwamwanja mna vilima. Si lazima kulala huko.

Jumapili tulirudi kabla ya giza. Jirani alikuwa amekaa mlangoni pake na ufunguo wetu kiunoni. Akatazama matope kwenye nguo zangu, akasema kwa Kiganda kitu kilichowachekesha watoto. Nikaanika turubai juu ya waya wa nguo. Mtoto wa pili akaja na sindano yangu kubwa na kipande cha plastiki. Akauliza kama yale matundu mawili yanaweza kushonwa.