Mbwa wa Mifuko ya Unga

Mfarishi ni tandiko la tabaka tatu: uso wa vipande vilivyounganishwa, pamba katikati, na kitambaa cha mgongoni, vyote vikishikanishwa kwa mshono unaopenya kutoka juu hadi chini. Nchini Marekani, hasa katika majimbo ya mashamba kama Missouri, Kansas na Nebraska, mifarishi mingi ya watoto ilipambwa kwa mbwa. Kijana wa leo akikunjuliwa mfarishi wa miaka ya 1930 hudhani mbwa wale wamechapwa kiwandani, kwa kuwa hao ndio anaowaona dukani. Hawakuchapwa. Kila mmoja alikatwa kwa mkasi, akakunjwa pindo kwa ncha ya sindano, akashonewa mahali pake usiku, baada ya kazi za shamba kwisha. Tangu mbwa yule hadi huyu wa sasa kilichobadilika kwanza ni kitambaa, na kwa hiyo habari hii ni habari ya kitambaa.

Kabla ya mbwa wa viraka walikuwapo mbwa wa uzi. Kuanzia miaka ya 1880 madukani iliuzwa miraba ya kitambaa cheupe iliyokwisha kuchorwa picha: paka, ua, mtoto mwenye kofia, mbwa aliyeketi. Mraba mmoja uliuzwa senti moja, na jina likabaki hilohilo, miraba ya senti. Kitambaa chenyewe kilikuwa ndugu wa kile ambacho pwani ya Afrika Mashariki kiliitwa marekani au amerikani, kwa sababu wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikipeleka Unguja tangu miaka ya 1830. Kazi ya mshonaji ilikuwa kuufuata mstari kwa uzi mwekundu. Wekundu huo ulikuwa na sababu yake: rangi nyingi za wakati ule zilichuja katika maji ya moto na kuharibu nyeupe, lakini nyekundu iliyoitwa ya Kituruki ilistahimili. Watoto wa kike walijifunzia sindano juu ya miraba hiyo, ndiyo maana katika mfarishi mmoja hukutwa mbwa wa mkono uliokomaa, na kando yake mwingine ambaye mstari wake unatangatanga.

Kisha ukaja mfuko, na hapa hapafai kupitwa haraka.

Unga, sukari, chumvi na chakula cha kuku viliuzwa katika mifuko ya pamba, na mwanamke wa shamba hakuutupa mfuko. Kwa muda mrefu mifuko hiyo ilikuwa myeupe, imepigwa jina la kinu kwa wino mkubwa. Kuuondoa wino kulichukua usiku na mchana: maandishi yalipakwa mafuta ya nguruwe au mafuta ya taa, mfuko ukalazwa hadi asubuhi, kisha ukafuliwa kwa sabuni kali ya kupikwa nyumbani, ukachemshwa na kuanikwa juani. Harufu ya kazi ile ilikuwa mchanganyiko wa mafuta ya taa, unga mbichi na pamba iliyolowa, na iliijaza nyumba siku nzima. Mara nyingi wino haukutoka wote. Ipo mifarishi ambayo mgongo wake, ukitazamwa kwenye mwanga, bado unasomeka uzito wa unga na nembo ya kinu.

Hata uzi wa kufungia mfuko haukupotea. Mdomo wa mfuko ulishonwa kwa mshono wa mnyororo, ambao mtu akiijua ncha yake akaivuta, unafumuka wote kwa mkupuo mmoja. Akikosea ncha, unajifunga na kumchosha. Uzi uliofumuliwa ulizungushwa kwenye kibonge, ukangoja. Baadaye ndio ulioshikanisha tabaka tatu za mfarishi, au ulifumwa kuwa kitambaa cha meza.

Katikati ya miaka ya 1920 kinu cha George P. Plant huko St. Louis kilianza kuuza unga katika mfuko wa kitambaa cha drafti, kilichofaa kuwa gauni bila kuchemshwa wino. Vinu vingine vilifuata. Ndani ya miaka michache mifuko ilikuwa na maua, nukta, mistari, wanyama na matunda, na jina la kinu likawa karatasi iliyobandikwa, inayoondoka kwa maji tu. Mfuko wa ratili 100 ukifumuliwa ulitoa kipande kinachozidi yadi moja kidogo. Gauni la mtu mzima lilihitaji mifuko mitatu hivi ya chapa moja, na kutoka hapo likazuka jambo lililomgeuzia kazi mwenye duka la chakula cha mifugo.

Mtu huyo alikuwa amezoea wanaume. Walikuja, wakataja kiasi, wakapakia, wakaondoka. Sasa mwanamume alifika na kijipande cha kitambaa mfukoni, ameagizwa asirudi nyumbani na mfuko usiofanana nacho. Au mke alikuja mwenyewe, akasimama mbele ya rundo, akauona mfuko wa maua ya bluu chini kabisa, chini ya mifuko mingine ya ratili 100 kila mmoja. Mwenye duka alilazimika kuishusha yote. Aliyeijua biashara yake aliishusha bila neno, kwa sababu alifahamu kwamba chakula cha kuku kilikuwa kilekile katika kila mfuko na kwamba kilichomleta mteja ni maua. Biashara nyingi za leo zingefaa kuujua ukweli huo.

Gauni likikatwa hubaki vipande, na vipande ndivyo vilivyozaa mbwa. Magazeti yalisaidia. Kansas City Star ilichapisha mifano ya mifarishi kuanzia 1928 hadi 1961, na aliyeianzisha kazi hiyo ni Ruby Short McKim wa Independence, Missouri, mchoraji aliyejua kumpunguza mnyama hadi mistari michache bila kumwondolea uhai. Wasiopata gazeti hilo walituma senti 10 kwa posta, wakaletewa ramani ya karatasi. Karatasi iliwekwa juu ya kitambaa, ikachorwa kwa penseli, ikakatwa, na mbwa akatoka na maua tumboni, kwa sababu tumbo lake lilikuwa gauni la mtu.

Mbwa aliyependwa kuliko wote alikuwa yule wa Scotland, mfupi wa miguu, mwenye ndevu na masikio yaliyosimama. Wengi husema alipata umaarufu kwa ajili ya Fala, mbwa wa Rais Roosevelt, ambaye Rais huyo alipewa zawadi na binamu yake Margaret Suckley mwaka 1940. Tarehe haziungi mkono maneno hayo, maana mbwa wa Scotland walikwisha kuwa kwenye mifarishi miaka kadhaa kabla Fala hajazaliwa. Yeye alikoleza mtindo uliokuwapo. Sababu ya kweli iko katika umbo. Mwili wa mbwa huyu ni kama mstatili, na hata akikatwa mwili mzima bila jicho wala pua hutambulika mara moja kwa mkia, sikio na ndevu. Anaweza pia kujengwa kwa miraba na pembetatu tupu, jambo ambalo mbwa mwenye mgongo wa kupinda hakubali. Pembeni mwake wengi walipitisha mshono wa vifundo kwa uzi mweusi, ili aonekane vizuri juu ya uwanja mweupe.

Sifa za kazi hii hazikuwafikia siku zote walioifanya. Mwaka 1933 kampuni ya Sears iliandaa mashindano ya mifarishi wakati wa maonyesho makubwa ya Chicago, ikaletwa zaidi ya 24,000, na zawadi ya kwanza ilitangazwa kuwa dola 1,000. Mfarishi uliotunukiwa ulipelekwa kwa Bi. Eleanor Roosevelt, mke wa Rais, na haujulikani uliko. Watafiti waligundua baadaye kwamba walioushona ni wanawake walioajiriwa, si yule ambaye jina lake liliandikwa kwenye fomu. Aliyeshona mbwa sitini kwa ajili ya kitanda cha mwanawe hakupata hata fomu.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 mfuko wa karatasi ulikuwa umeushinda ule wa pamba, kwa kuwa ulikuwa rahisi zaidi, na chemchemi ya vipande ikakauka. Blanketi la kiwandani likaingia vyumbani. Mifarishi ikatumiwa kufunikia matrekta. Mwaka 1971 jumba la Whitney mjini New York liliitundika ukutani kama michoro, na watu wakarudi kwenye makabati ya bibi zao. Mwaka 1979 kampuni ya Olfa ya Japani ikaleta kisu cha gurudumu, na kazi ya mkasi ya siku tatu ikawa ya asubuhi moja.

Hapo ndipo mbwa wa kuchapwa alipotawala. Viwanda vikatoa pamba yenye kila aina ya mbwa, nyayo na mifupa. Si kitambaa kibaya, na kina ufundi wake ambao wengi hawaujali. Picha hizo zina juu na chini. Anayekata bila kutazama hupata mbwa nusu wamesimama na nusu wananing'inia miguu juu. Anayetaka kichwa kikae katikati ya mraba hukata kimojakimoja, akiacha robo inchi kila upande kwa ajili ya mshono, la sivyo sikio humezwa na mshono wenyewe. Na njia hiyo hula kitambaa karibu mara mbili. Mshonaji anayeijua kanuni hiyo bado ni mshonaji. Lakini madukani kuna kipande kizima kilichochapwa mfano wa mfarishi, mbwa tayari, mipaka tayari, hata mishono imechorwa kwa wino. Huko ni kuuza sura ya kazi pasipo kazi, na mtoto anayefunikwa nacho ananyimwa kitu ambacho mama yake hakujua kwamba angeweza kumpa. Blanketi la manyoya ya plastiki ndilo lililofika mbali zaidi: hukatwa ncha, zikafungwa mafundo, na sindano haiguswi.

Duka lililouza vitambaa hivyo kwa wingi, Joann, lililoanzia Cleveland mwaka 1943, lilifunga matawi yake yote mwaka 2025, yakiwa takriban 800. Katika miji midogo, huko ndiko mtu alikokwenda kukishika kitambaa kwa vidole kabla ya kununua, na sasa hununua kwa kutazama picha kwenye simu.

Vikundi vya washonaji bado vipo, na baadhi hufanya jambo ambalo wanawake wa mifuko wangelielewa: vijipande visivyofaa tena hushindiliwa ndani ya kitanda kidogo cha kitambaa na kupelekwa kwenye vituo vya mbwa waliotelekezwa. Mifarishi ya zamani nayo imekusanywa kwa maelfu katika Jumba la Kimataifa la Mifarishi mjini Lincoln, Nebraska. Kwa mingi kati yake mshonaji hajulikani. Mwenye mfarishi wa mbwa kabatini na bibi aliye hai wa kumuuliza, asingoje: aandike jina la mshonaji, mahali, mwaka, na gauni za nani zilizokatwa. Kona ya chini ya mgongo inatosha.