Minembwe: Wafanyakazi wasioonekana chini ya mahindi

Minembwe, Fizi – Majani ya mahindi yakigeuka manjano, au yakiwa na rangi ya zambarau pembeni, wakulima wa hapa husema udongo umechoka. Mara nyingi ni kweli. Lakini kuna wakati chakula kimo udongoni na mahindi yanashindwa kukifikia.

Sehemu nyingi za nyanda za juu zina udongo wenye asidi. Ndani yake fosforasi hushikwa na chuma na alumini, haitembei. Mzizi hufyonza ile iliyo milimita chache tu kutoka kwake, kisha hukaa na njaa. Hapo ndipo kuvu fulani zinazoishi kwenye mizizi husaidia. Hutoa nyuzi nyembamba kuliko unywele, zinazofika sentimita kadhaa mbali na kurudi na fosforasi. Mahindi huzilipa sukari. Ni kama watoto wanaotumwa mtoni: mama amebaki nyumbani, lakini maji yanafika.

Nitrojeni nayo ina wafanyakazi wake. Ni bakteria wanaokaa katika vifundo vya mizizi ya maharagwe na soya, wakiitoa hewani. Kifundo kikipasuliwa na ndani kikawa chekundu, kazi inaendelea. Mabaki ya mmea huo yakioza shambani, mahindi ya msimu unaofuata hupata sehemu yake. Mradi wa N2Africa, ulioanza mwaka 2009, ulifanya kazi hiyo ya mikunde na bakteria wake hata katika Kivu Kusini.

Minembwe, wafanyakazi hao wamo taabuni. Mapigano yaliyozidi tangu mwaka 2017 yamewafanya wakaaji wengi wakimbilie karibu na senta. Mashamba ya mbali yamekuwa pori. Ya karibu yanalimwa bila kupumzika, na kila jembe linapogeuza udongo hukata nyuzi zile. Maelfu ya ng'ombe wameporwa, na samadi imeondoka pamoja nao. Mbolea ya dukani ni ghali, na njia si salama.

Yapo yanayowezekana bila pesa. Kubadilishana mahindi na maharagwe. Kukata shina la maharagwe wakati wa kuvuna, badala ya kulin'goa, ili mizizi ibaki. Kurudisha maganda shambani badala ya kuyachoma, na kutupa humo majivu ya jikoni, kwa sababu hupunguza asidi. Viumbe hawa hawaumbi fosforasi, huleta iliyopo. Udongo uliokwisha kabisa bado utadai samadi au mbolea.

Ila mizizi iliyoachwa leo hulisha mahindi ya msimu ujao. Ni faida kwa yule tu atakayelikuta shamba lake likingali lake. Kwa hiyo mkulima wa Minembwe, kabla ya mbolea, anaomba usalama wa misimu miwili mfululizo.